Kufunga Vihami kwenye Nguzo za Miti: Mwongozo kwa Watumiaji wa Uzio wa Umeme Wilayani Ngara na Biharamulo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, uzio ni jambo linalogusa riziki ya kaya. Mkulima wa mahindi au mihogo anahitaji kuzuia ngiri na nguruwe pori wasivamie shamba usiku. Mfugaji anahitaji kuzuia ng'ombe wake wasiingie katika migomba ya jirani na kuleta kesi baraza la kijiji. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na minyaa, miiba na fito. Siku hizi, kutokana na kuenea kwa paneli za sola, baadhi ya kaya zimeanza kutumia uzio wa umeme unaofungwa kwenye nguzo za miti.

Teknolojia hii si ngeni katika ukanda wetu. Ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Rwanda, Hifadhi ya Taifa ya Akagera ilizungushiwa uzio wa umeme wa jua wenye urefu wa kilomita 120 katika upande wake wa magharibi mwaka 2013, ili kuwatenganisha wanyama na makazi ya watu. Kwa upande wetu, Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilianzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha yaliyokuwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, na vijiji kadhaa vinaishi jirani na wanyamapori.

Hata hivyo, uzio wa umeme hauna thamani kuliko kiungo chake kilicho dhaifu. Mara nyingi kiungo hicho ni kifaa kidogo kinachotosha kiganjani: kihami. Makala haya yanaeleza kihami ni nini, namna ya kukichagua dukani, namna ya kukifunga kwenye nguzo ya mti, na hatua ambazo mtumiaji anaweza kuchukua endapo atauziwa kifaa kisichofaa.

KIHAMI NI NINI

Kihami ni kifaa kisichopitisha umeme, kinachowekwa kati ya waya wenye umeme na nguzo. Mafundi wengi hukiita kikombe, kwa kufananisha na vikombe vya kauri vinavyoonekana juu ya nguzo za TANESCO. Vihami vya uzio hutengenezwa kwa plastiki ngumu au kwa kauri, na huwa vya aina kuu mbili:

(a) Vihami vya njiani. Hivi hufungwa kwenye nguzo za kawaida. Kazi yake ni kuushika waya katika kimo chake tu. Havibebi nguvu ya kuukaza.

(b) Vihami vya kukazia. Hivi hufungwa kwenye nguzo za kona, za mwisho na za lango, mahali waya unapovutwa kwa nguvu. Huwa imara zaidi, na vingi vina umbo la yai lenye matundu mawili.

Kosa la kutumia kihami cha njiani kwenye kona ni la kawaida. Kihami hicho hakikutengenezwa kuhimili mvuto, hivyo hupasuka baada ya muda mfupi, na waya huangukia kwenye mti.

KWA NINI MTI HAUTOSHI

Watu wengi hujiuliza: ikiwa mti haupitishi umeme, kihami ni cha nini? Jibu ni kwamba mti mkavu hupitisha umeme kidogo sana, lakini mti wenye maji hupitisha zaidi. Nguzo iliyokatwa juzi bado ina utomvu ndani yake. Nguzo iliyokauka nayo hulowa masika yanapoanza mwezi Machi na vuli zinapofika mwezi Septemba. Aidha, umeme wa uzio una msukumo mkubwa, wa maelfu ya volti, na msukumo wa namna hiyo hupenya mahali ambapo umeme wa betri ya tochi usingepenya.

Mashine ya uzio hutuma umeme kwenye waya kwa midundo mifupi. Mnyama anayegusa waya akiwa amesimama ardhini hukamilisha njia: umeme hutoka kwenye waya, hupita mwilini mwake, huingia ardhini, na kurudi kwenye mashine kupitia vyuma vya erthi vilivyochimbiwa. Mnyama hushtuka, huruka nyuma, na hujifunza kuuogopa uzio.

Iwapo waya unagusa nguzo iliyolowa, umeme hupata njia nyingine ya kufika ardhini. Nguzo moja inayovujisha inaweza isionekane kuwa tatizo. Lakini nguzo kumi zinazovujisha kwa pamoja huufanya uzio mzima kuwa waya mtupu. Mwenye shamba huiona taa ya mashine ikimulika, akaamini kwamba uzio uko hai, kumbe nguruwe pori wanapita bila kuhisi chochote. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza ya kihami kibovu: humpa mtumiaji imani isiyo na msingi.

ONYO: UZIO USIUNGANISHWE NA UMEME WA NYUMBANI

Hili ndilo jambo muhimu kuliko yote katika makala haya. Ni marufuku kuunganisha waya wa uzio moja kwa moja na umeme wa TANESCO, wa jenereta, au wa inveta ya sola. Kufanya hivyo ni kutega mauti.

Tofauti ni hii. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha mashine za uzio, IEC 60335-2-76, mdundo mmoja wa umeme haupaswi kuzidi sehemu kumi za elfu za sekunde, na kati ya mdundo na mdundo ni lazima pawe na nafasi ya angalau sekunde moja. Katika nafasi hiyo mtu au mnyama hupata wasaa wa kujitoa. Umeme wa nyumbani, wenye volti 230, hauna nafasi ya namna hiyo: ukimshika mtu, misuli ya mkono hukaza na kushindwa kuachia waya. Anayekufa huenda asiwe nguruwe wala mwizi, bali mtoto aliyefuata mpira au jirani aliyepita gizani.

Aliyetega umeme wa namna hiyo anaweza kushtakiwa kwa kosa la jinai, hata kama ni ndani ya shamba lake. Vilevile, kuua wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Uzio unaoruhusiwa ni ule unaofukuza, si unaoua.

KUCHAGUA VIHAMI DUKANI

Waswahili husema, rahisi ghali. Kabla ya kulipa, mnunuzi anashauriwa kuchunguza yafuatayo:

1. Plastiki yenyewe. Jua la mwaka mzima huifanya plastiki dhaifu kupauka na kuvunjika. Uliza kama kihami kimetengenezwa kuhimili jua. Kibonyeze kwa vidole: kikikatika kama biskuti, kirudishe.

2. Umbali kati ya waya na mti. Kihami kizuri huuweka waya mbali na nguzo, ili hata mvua inaponyesha umeme usiruke wala kutambaa hadi kwenye mti. Epuka kihami kinachoulaza waya karibu na kichwa cha msumari wake.

3. Nyufa. Tazama kila kihami kwenye mwanga, hasa vya kauri vilivyosafirishwa mbali. Ufa mwembamba kama unywele hukusanya maji na kupitisha umeme.

4. Chuma cha kufungia. Msumari au skrubu iwe imepakwa zinki. Isiyopakwa hupata kutu na kulegea.

5. Mashine. Ikiwa unanunua na mashine ya uzio, tafuta maandishi yanayoonesha kiwango ilichotengenezewa. Mashine isiyo na jina la mtengenezaji wala maelezo ya matumizi isinunuliwe.

Dai risiti ya EFD kwa kila ununuzi, na uitunze. Bila risiti, ni vigumu kuthibitisha ulinunua wapi na lini.

Vihami vya kienyeji. Baadhi ya watu hutumia vipande vya ndala, mpira wa ndani wa baiskeli, chupa za maji au bomba la plastiki. Mpira mweusi wa tairi huchanganywa na masizi kiwandani, na masizi hupitisha umeme. Katika maelfu ya volti mpira huo unaweza kuvujisha. Chupa na mabomba membamba hupasuka kwa jua. Vifaa hivi vinaweza kuonekana kuwa vinafaa wakati wa kiangazi, kisha vikashindwa usiku wa mvua, wakati mazao yanapohitaji ulinzi.

NI VIHAMI VINGAPI?

Ili kuepuka kununua pungufu au kupita kiasi, piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Tuchukue mfano wa shamba la mita 70 kwa 70. Mzunguko wake ni mita 280. Nguzo zikiwa kila baada ya mita 7, zitahitajika nguzo 40: nne za kona na 36 za njiani. Kwa nyaya mbili, vihami vya njiani ni 36 mara 2, yaani 72. Kila kona huhitaji vihami viwili vya kukazia kwa kila waya, yaani 16 kwa kona zote. Ongeza vihami vya kukazia vya nguzo za lango, kisha moja ya kumi ya jumla yote iwe akiba. Ukiuziwa idadi kubwa kuliko hiyo, muulize muuzaji sababu.

KUANDAA NGUZO

Nguzo za mikaratusi na misonobari ndizo zinazopatikana kwa urahisi. Mkaratusi mbichi hupasuka unapokauka, na kihami kilichofungwa mapema hulegea. Acha nguzo zikauke kivulini, zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini, kabla ya kuzitumia. Ondoa magome yote. Gome huhifadhi maji na huficha mchwa.

Nguzo zilizotiwa dawa kiwandani hudumu zaidi. Anayepaka dawa mwenyewe azingatie maelezo ya kopo na avae glavu. Oili chafu ya gari ina masizi na chembe za chuma. Isipakwe mahali kihami kitakapokaa.

Chimbia nguzo za njiani kina cha sentimita 60, na za kona kina cha sentimita 90 au zaidi, zikiwa na mhimili wa kuzishikilia. Katika vilima vya Ngara, ambako ardhi hupanda na kushuka, sogeza nguzo karibu zaidi kuliko tambarare, ili waya ufuate umbo la ardhi na kusiwe na mwanya chini yake.

Usifunge kihami kwenye mti ulio hai. Mti hunenepa na kukimeza. Ikiwa hapana budi, funga kwanza ubao mkavu kwenye mti, kisha kihami juu ya ubao. Waya pia usipite ndani ya ua wa minyaa. Matawi yake mabichi yakigusa waya huvujisha umeme. Na kwa vyovyote vile, nguzo za TANESCO na za simu zisitumike kubeba uzio.

KUFUNGA HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Hakikisha mashine imezimwa na imetenganishwa na waya. Usitegemee swichi pekee.

Hatua ya 2. Pima vimo kwa kijiti kilichowekwa alama, na uweke alama hizo kwenye kila nguzo. Kwa ng'ombe, waya wa juu uwe sentimita 90 hivi kutoka ardhini, na wa pili sentimita 50. Mbuzi na nguruwe pori hupita chini. Huhitaji nyaya za ziada, ya kwanza ikiwa sentimita 20 hadi 25 kutoka ardhini.

Hatua ya 3. Chagua upande wa nguzo. Vihami vikae upande ambao mnyama anatoka: ndani kwa uzio wa mifugo, nje kwa uzio wa kulinda mazao. Mnyama akisukuma waya, kihami kitaegemea nguzo badala ya kung'oka.

Hatua ya 4. Kwa kihami cha skrubu, toboa kwanza tundu dogo kwa keekee, jembamba kuliko skrubu. Tundu hilo huzuia nguzo kavu isipasuke. Kaza hadi kishike vyema, kisha acha. Ukizidisha, shingo ya plastiki hukatika.

Hatua ya 5. Kwa kihami cha msumari, gonga polepole, na ukomee msumari unapoligusa tu tako la kihami. Pigo moja la mwisho lisilo la lazima huacha ufa usioonekana.

Hatua ya 6. Kwenye kona, zungusha waya mzito au kamba imara kwenye nguzo na kuupitisha katika tundu moja la kihami cha kukazia. Waya wa umeme upite katika tundu la pili. Nyaya hizo mbili zisigusane. Usiuzungushe waya wa umeme kwenye nguzo hata mara moja.

Hatua ya 7. Pitisha waya katika vihami vya njiani bila kuufunga. Ni lazima uweze kuteleza, ili ng'ombe akiuparamia mvuto usambae katika uzio wote badala ya kung'oa kihami kimoja. Kisha kaza kutoka kwenye nguzo ya mwisho.

Waya wa seng'enge usitiwe umeme kamwe. Mtu au mnyama anayenasa kwenye miiba yake hawezi kujitoa kati ya mdundo na mdundo.

ERTHI, NYAYA ZA UMEME NA RADI

Vihami vizuri havisaidii kitu pasipo erthi nzuri. Chimbia angalau vyuma vitatu vilivyopakwa zinki, vyenye urefu wa mita 2, vikiachana kwa mita 3, kisha viunganishe. Viwe umbali wa mita 10 au zaidi kutoka erthi ya nyumba. Kati ya Juni na Agosti, ardhi inapokauka, mwagilia maji mahali hapo.

Epuka kupitisha uzio chini ya nyaya za umeme. Isipoepukika, uzikatize kwa pembe mraba, na uombe ushauri wa TANESCO kwanza. Radi inapokaribia, tenganisha mashine na uzio, na usiuguse waya.

Weka vibao vya onyo vya rangi ya njano, vinavyosomeka pande zote mbili, hasa karibu na njia za watu, kisima na shule. Waeleze majirani na watoto wao. Kibao hakimsaidii asiyejua kusoma. Kwa hiyo kichorwe alama ya mkono na radi.

KUPIMA NA KUTUNZA

Nunua kipima volti cha uzio. Usipime kwa jani wala kwa mkono. Pima karibu na mashine, kisha mwisho wa uzio. Kwa ng'ombe, kipimo kisipungue volti 2,000 hadi 3,000 hata mvua inaponyesha; mbuzi wenye manyoya wanahitaji zaidi. Ikiwa kipimo ni kizuri mchana wa jua na kinashuka sana baada ya mvua, chunguza vihami.

Njia rahisi ni kutembea kando ya uzio jioni tulivu na kusikiliza. Mlio wa "ta, ta, ta" unaofuatana na midundo ya mashine, au cheche gizani, huonesha mahali umeme unaporukia kwenye mti. Weka alama, zima mashine, badilisha kihami. Kata nyasi zinazogusa waya. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kihami kimoja kilichobadilishwa leo ni nafuu kuliko ekari iliyoliwa kesho.

Mtumiaji aelewe pia mipaka ya uzio huu. Nyani hupanda nguzo. Tembo hujifunza kuangusha nguzo za mbao, na pembe zake hazipitishi umeme kama mwili. Palipo na tembo, toa taarifa kwa ofisi ya kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya badala ya kumkabili. Uharibifu wa mazao utolewe taarifa mapema, kwa kuwa utaratibu wa kifuta jasho huanza na ukaguzi wa maofisa.

UKIUZIWA KIFAA KISICHOFAA

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu ubora wa bidhaa. Ukigundua kasoro:

- Rudi kwa muuzaji ukiwa na risiti na kifaa chenyewe. Eleza kasoro, na uandike tarehe.
- Muuzaji akikataa kurekebisha, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC).
- Kwa shaka juu ya ubora au usalama wa bidhaa, toa taarifa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).
- Kazi za umeme wa nyumbani, ikiwemo soketi itakayolisha mashine, zifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Omba kuiona leseni hiyo kabla ya kazi kuanza.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Umeme wa TANESCO, jenereta au inveta usiunganishwe moja kwa moja na waya wa uzio.
2. Kihami cha njiani ni cha njiani. Kona ina kihami chake.
3. Nguzo iwe kavu na isiyo na gome.
4. Waya uteleze ndani ya kihami, wala usiguse mti popote.
5. Pima uzio baada ya mvua, si wakati wa jua pekee.
6. Tunza risiti.

Uzio mwema ni ule unaomrudisha mnyama alikotoka akiwa hai, unaolinda jasho la mwenye shamba, na ambao mtoto wa jirani akiugusa kwa bahati mbaya, atalia, atakimbilia nyumbani, na kesho yake atakwenda shule.